Mtoto wa miezi 9 halali kwa kujikuna, nikiacha dawa tu hali inarudi

mama_wa_saa_tisa

Wazazi wenzangu habari. Naandika saa tisa usiku, mkono mmoja una simu, mwingine umeshika vidole vya binti yangu asijikune. Ana miezi 9. Ilianza akiwa na miezi 3, mashavu yakakauka na kutoa vipele vidogo vidogo nikadhani ni joto. Sasa imeshuka hadi upande wa nje wa mikono na kwenye miundi. Cha ajabu, panapofunikwa na nepi pako laini kabisa, utasema ni ngozi ya mtoto mwingine.

Kinachonimaliza ni ile sauti. Nikizima taa nasikia kwaru, kwaru, nikiwasha nakuta anasugua mguu mmoja juu ya mwenzake huku amelala. Asubuhi shuka lina vidoa vya damu, vidogo kama mtu aliyegusisha ncha ya kalamu nyekundu.

Daktari alisema ni ukurutu, ile wengine wanaita pumu ya ngozi. Akaandika haidrokotisoni ya asilimia 1, krimu ya steroidi, na mafuta ya kupaka. Nikipaka hiyo krimu siku mbili ngozi inatulia, naacha, maana kila ninayemsimulia ananiambia steroidi itamchubua mtoto. Siku ya nne au ya tano tuko pale pale. Huu ni mwezi wa tatu tunazunguka hivyo, na tyubu ya gramu 15 haijafika hata nusu.

Je, kweli inachubua? Nimwogeshe kila siku au niruke? (Nimeambiwa yote mawili, tena na watu wenye uhakika.) Na kuna wanaosema nimnyime mayai na maziwa. Nisaidieni kabla sijachanganyikiwa.

baba_mapacha

Pole sana dada. Dawa sizijui ila kucha nazijua. Zikate akiwa usingizini kisha zipitishie tupa, maana kucha iliyokatwa sasa hivi ndiyo yenye makali. Soksi za mikononi zilitushinda, wangu walizivua kwa meno. Tukawavalisha nguo za pamba za mikono mirefu, tukazigeuza mishono ikae nje. Halafu msimfunike sana. Akitoa jasho tu, kazi imeanza.

tumaini_la_asubuhi

Mpake mafuta ya zeituni, ni ya asili, hayana kemikali. Wiki moja tu utaona.

mama_kaka_mkubwa

Mama wa saa tisa, umenirudisha miaka minne nyuma. Kwanza hapo kwenye zeituni, samahani mchangiaji, nami nilipaka. Kuwa ya asili si hoja. Mafuta hayo yamepimwa kwenye ngozi na kuonekana yanadhoofisha ule utando wa juu ambao kwa watoto hawa tayari ni dhaifu. Wengine wamerithi upungufu wa protini iitwayo filagrini, kwa hiyo maji yanatoka nje ya ngozi kirahisi na vitu vya kuwasha vinaingia kirahisi.

Sasa jibu lako liko kwenye sentensi yako mwenyewe. Tyubu ya gramu 15, miezi mitatu, haijafika nusu! Mtoto hajatibiwa huyo, ameonjeshwa dawa. Nasema hivi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naweka tone kama punje kwenye ncha ya kidole, nalisambaza shavu hadi shingo kwa woga, kisha nanawa mikono kama nimeshika sumu.

Muuguzi mmoja alinishika mkono akanionyesha. Nyosha kidole chako cha shahada. Kamua krimu kuanzia kwenye mkunjo wa mwisho mpaka nchani, mstari mmoja. Huo ni takriban nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Kwa umri wa binti yako, mkono mmoja kuanzia bega unakula mstari mmoja hadi mmoja na nusu. Nilipoukamua mara ya kwanza nilihisi namwaga. Muuguzi akasema, "Endelea."

Kuacha pia kuna kanuni. Sisi tuliambiwa tupake hadi ngozi ilainike, halafu siku mbili zaidi. Na usipime kwa macho. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu wa kwenye picha za vipeperushi hauonekani vizuri, unaona kijivu, au zambarau, au weusi uliozidi. Fumba macho upitishe kidole. Kikikwaruza, bado.

Kuhusu kuchubua: ni kweli kwa zile kali, zikipakwa usoni kwa muda mrefu. Haidrokotisoni ya asilimia 1 iko ngazi ya chini kabisa. Mimi naogopa zaidi zile krimu za mchanganyiko ambazo mtu anakupa bila cheti akisema "hii inamaliza kila kitu". Soma jina dogo pembeni, ukikuta klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni steroidi kali, usimguse nayo mtoto bila daktari. Tena usishtuke akipoa akabaki na mabaka meupe. Wangu alibaki nayo mashavuni nikailaumu krimu, kumbe ni alama za ugonjwa wenyewe. Yalichukua miezi kurudi rangi.

Kuoga: kila siku sawa, kuruka sawa, ilimradi akitoka majini apakwe mafuta. Maji vuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila sabuni ya povu wala manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usimsugue, na umpake akiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu hivi. Mafuta mazito yanashika kuliko losheni. Kiasi ndicho kilichonichekesha: gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto ambaye ukurutu umemwenea mwili mzima. Nilidhani daktari ameongeza sifuri. Chota kwa kijiko safi, usizamishe vidole kwenye kopo, na upake kuelekea vinyweleo vinakolalia. Kati ya mafuta na krimu ya dawa acha kama nusu saa. Kabla hajala, mpake mafuta ya mgando kuzunguka mdomo, mate ya watoto yanaunguza mashavu vibaya. Na mumweke mbali na moto wa wazi, nguo iliyolowa mafuta haya inashika moto upesi hata ikiwa imefuliwa.

mama_wa_saa_tisa

Nimesoma mara tatu. Nimekamua huo mstari asubuhi hii, nimecheka peke yangu, ni mwingi kuliko nilivyompaka wiki nzima iliyopita.

Swali moja. Shavu la kulia tangu juzi linatoa majimaji, yakikauka yanaacha ukoko wa njano kama asali. Nao niupake tu?

muuguzi_wa_zamu

Hapana mama, hapo simama kidogo. Ukoko wa rangi ya asali na majimaji mara nyingi ni bakteria wameingia. Mpeleke aonwe leo au kesho, usiendelee kwa kubahatisha. Nikupe na kingine ukijue: ukiona malengelenge madogo yanayofanana, au vidonda vya duara kama vimetobolewa, vinaenea haraka, mtoto ana homa au amelegea, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Virusi vya hepesi vikiingia kwenye ukurutu havingoji. Kwa hiyo yeyote mwenye vidonda vya homa mdomoni asimbusu, awe nani.

Mayai na maziwa usiyakate kwa kusikia. Kama baada ya kula kitu fulani anavimba midomo, anatoka vipele vya mzio vilivyovimba au anatapika ndani ya saa mbili, hayo mwambie daktari ampime. Bila dalili hizo unamnyima chakula bure, na huenda unamharibia. Chukua mfano wa karanga: utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulihusu watoto wachanga wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai: walioanzishiwa karanga mapema walipata mzio wa karanga wachache sana kuliko walionyimwa. Kuanzisha kwenyewe, kwa mtoto mwenye ukurutu mkali, fanyeni na daktari, na ziwe zimesagwa.

mama_wa_saa_tisa

Narudi baada ya siku 9. Ilikuwa bakteria kweli, tukapewa dawa ya kumeza. Daktari aliniuliza napaka krimu kiasi gani, nikamwonyesha kidole, akatabasamu. Mayai tumerudisha, hakuna kilichotokea. Dada wa baba yake alikuja na kidonda mdomoni nikamwomba asimbusu. Alinuna, lakini hakumbusu.

Jana niliamka saa tisa kwa mazoea tu. Kimya. Hakuna kwaru kwaru. Nilimgusa kifuani kuhakikisha anapumua, kisha nikapitisha kidole shavuni macho nimeyafumba. Laini. Mguu wa kushoto bado, na nyuma ya goti naona ukavu mpya ambao haukuwepo. Tyubu ya kwanza imeisha, nafungua ya pili.