Kiko cha mbao: mpingo, mzeituni mwitu au niagize braya?

Kerezo_Jinja: Habari zenu wakuu. Nachonga viko vya mbao vya kuvutia tumbaku mwaka wa tatu sasa na nimepata mtu anataka 6, pesa ya kwanza ameshatuma. Nimekwama kwenye mti. Mpingo wa kaskazini mwa Uganda naupata, mzeituni mwitu wa upande wa Moroto naupata, au niagize vipande vya braya toka Italia. Nichague upi? Nataka nirekodi kazi yote niiweke mtandaoni.

Patasi_Arua: Ndugu, swali lako ni nusu. Mteja yuko wapi? Anavuta kweli au anapanga kabatini? Una kerezo la umeme au unachonga kwa mkono? Mrija utatengeneza na nini?

Nta_ya_Nyuki: Braya, basi. Ile ni nundu inayoota chini kabisa ya shina la mti mdogo uitwao Erica arborea, wanaichemsha masaa mengi kutoa utomvu halafu wanaikausha miezi, ndiyo maana moto hauili ovyo. Saint-Claude kule Ufaransa wanachonga braya tangu karne ya 19.

Mlima_Kasese: Erica arborea si iko hata Rwenzori? Kwa nini tupeleke pesa Italia?

Nta_ya_Nyuki: Iko ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1991 bwana, hata tawi usiguse.

Mpingo_Songea: Nawasalimu kutoka Tanzania. Mpingo ndio unaotengeneza klarineti za Ulaya, ukiutupa majini unazama, uking'arishwa hauhitaji rangi wala vanishi. Kwa nini mnaudharau?

Akello_Mchonga: Hakuna anayeudharau kaka, lakini vumbi lake linawasha ngozi na macho, avae barakoa. Na kwa sababu ni mzito hivyo bori, pale panapotiwa tumbaku, linashika joto mkononi, kwa hiyo awache ukuta mnene.

Mimi niseme la mzeituni maana limeniuma. Mwaka juzi nilinunua gogo, muuzaji akaapa limekaa kivulini mwaka mzima. Nikachonga viko 4, rangi ya asali na michirizi ya kahawia, nikapaka nta vikang'aa, nikapost, watu wakasifu sana. Kimoja nikakituma kwa mteja Mombasa. Wiki ya tatu ananitumia picha, ufa mwembamba kama unywele umeanzia mdomo wa bori ukashuka hadi kwenye tundu la moshi. Nikakimbilia rafu yangu, kati ya vile 3 vilivyobaki 2 vimepasuka na hakuna aliyevivuta! Gogo lilikuwa bichi ndani. Nikarudisha pesa yote pamoja na ya usafirishaji. Siku hizi nakata vipande kwanza, napaka nta ncha zote mbili, na kila Jumapili nakipima kwenye mizani ya jikoni, uzito naandika kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Cha mwisho kilianza gramu 412 kikasimama 298, miezi kumi na moja. Kabla uzito haujasimama, yaani hakijakauka, sigusi patasi.

Kerezo_Jinja: Pole sana dada. Mteja yuko Ujerumani, anavuta. Mashine natumia ya rafiki. Mrija bado sijafikiria.

Patasi_Arua: Hujafikiria mrija na umeshapokea pesa! Huo ndio unaokaa mdomoni mwa mtu. Tafuta fimbo ya ebonaiti (mpira mgumu) au akriliki (plastiki ngumu). Na tundu la moshi, milimita 4, litokee chini kabisa ya bori. Likikaa juu kidogo tu, tumbaku ya chini inabaki mbichi na maji yanakoroma kila akivuta.

Mlima_Kasese: Ujerumani? Basi mpingo sahau, Dalbergia zote, jamii ya mpingo, ziko CITES toka 2017, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Mpingo_Songea: Soma vizuri. 2019 walirekebisha, bidhaa iliyokamilika isiyozidi kilo 10 kwa mzigo haidai kibali cha CITES. Viko 6 havifiki hata kilo moja.

Mlima_Kasese: Hiyo ni CITES. Gogo lenyewe lilikatwa kwa ruhusa ya nani?

Mwalimu_Mbale: Na video je? Sheria ya tumbaku ya 2015 imekataza matangazo.

Nta_ya_Nyuki: Kiko si tumbaku, mwalimu. Aonyeshe kazi ya mikono tu, asiwashe moto mbele ya kamera. Ila asitegemee tangazo la kulipia Instagram, vifaa vya tumbaku hawavikubali. Facebook nayo hapa Uganda imefungwa tangu Januari 2021, ni mpaka VPN.

Mwalimu_Mbale: Sitaki kijana wangu wa miaka 14 aone kiko kinapendeza hivyo. Nasema kwa moyo wote.

Akello_Mchonga: Nakuelewa mwalimu. Lakini bibi yangu alikuwa na kiko cha udongo, kijiti chake kimepakwa mafuta ya mikono mpaka kimekuwa cheusi, na mimi sijawahi kuvuta. Nilipenda kile kitu chenyewe.

Patasi_Arua: Bado unacho? Huku kwetu walioweza kufinyanga mabori hayo wamebaki wachache sana. Tuwekee picha, na moja ya kwa chini nione kijiti kimeingiaje.

Kerezo_Jinja: Mimi nimepima vipande vyangu vya mzeituni leo. Nitapima tena Jumapili. Kuna mtu anajua fimbo ya ebonaiti inauzwa wapi Kampala?

Akello_Mchonga: Kiko cha bibi kiko kwa mama, kule mjini Lira. Nikienda Desemba nitakipiga picha.