Maharage ya gizani yamerefuka kuliko ya dirishani, nigeuze majibu?

mdadisi_mdogo:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina projekti ya sayansi naiwasilisha wiki ijayo. Nilianza na dhana kwamba mmea ukikosa mwanga haukui, nikapanda maharage kwenye makopo mawili, punje moja moja, kopo moja nikaliweka dirishani jingine kabatini. Siku ya 10 la dirishani lina sentimita 14, la kabatini 23!! Yaani kinyume kabisa. Rafiki yangu anasema nigeuze namba tu ticha hatajua. Na ticha alivyopita akasema "hapa hamna kontroli" akaenda zake, mi nilidhani kontroli ndo lile la dirishani??

mzee_wa_maabara:
Namba usiguse dogo. Hayo ndo majibu yenyewe, maharage yakioteshwa gizani lazima yarefuke. Punje ina akiba ya chakula kwenye zile nusu zake mbili, kotiledoni, kwahiyo siku za mwanzo haitegemei jua, inatumia akiba kusukuma shina juu likatafute mwanga. Kaangalie vizuri, nina uhakika la kabatini ni njano, jembamba, vijani vidogo, ukiliacha linalala chini. Hapo limerefuka, halijakua. We umeuliza habari ya kukua halafu ukapima urefu, sasa rula itakwambia nini zaidi? Ukiing'oa hiyo miche ukaosha udongo ukaikausha kabisa ndo ukapima, wa gizani utakuta una uzito mdogo hata kuliko punje kavu uliyoanza nayo, maana umekula akiba bila kutengeneza kitu.

bintisayansi:
Mzee kamaliza upande wa urefu, mi niseme ya kontroli maana hapo wengi tunapotea. Kopo la kulinganishia linatakiwa lifanane na mwenzake kwa kila kitu isipokuwa kimoja unachokichunguza. Sasa dirishani kuna mwanga lakini kuna joto pia, kuna upepo, udongo unakauka haraka na bila shaka ulikuwa unamwagilia mara nyingi zaidi (sema ukweli 😅), kabatini hakuna hata kimoja. Utajuaje ni mwanga?
Kuna Mwitaliano anaitwa Francesco Redi, mwaka 1668 alitaka kujua mabuu kwenye nyama yanatoka wapi, watu walikuwa wanaamini yanazuka yenyewe. Akaweka nyama kwenye vyombo, vingine wazi vingine kaziba, mabuu yakatokea kwenye vya wazi tu. Lakini mtu si angesema vilivyozibwa vimekosa hewa? Ndo akarudia kwa kufunika na kitambaa chepesi cha matundu kama chandarua, hewa inapita nzi hapiti, na nyama ikakaa bila mabuu. Fanya hivyo hivyo, makopo yote yakae sehemu moja, ya giza yafunike na boksi, na yale mengine nayo yafunike na boksi kama hilo ila lililokatwa dirisha na kubandikwa nailoni angavu. Maji kijiko kile kile saa ile ile. Punje hata 10 kila upande, moja inaweza kuwa mbovu tu ukailaumu giza bure.

kibopa_mtata:
Wiki moja hiyo? Miche itakuwa ndo kwanza inachungulia. Awasilishe hii hii aandike kasoro zake wazi, ya pili ije baadae.

bintisayansi:
Hapo kweli, nakubali. Ila aipande leo leo.

mdadisi_mdogo:
Nimefungua kabati sasa hivi, ni njano kweli na limelala 😭 na maji ndiyo, la dirishani nilikuwa nalipa kila siku, la kabatini nikikumbuka. Nimeloweka punje 20. Hili la kabatini nilitupe?

mzee_wa_maabara:
Usitupe!! Liweke mwangani, kila asubuhi andika rangi na urefu, uone litachukua muda gani kuwa kijani.