Kambi ya macho Jumamosi: gumzo la kundi la mtaa, Tandika

*Mama Neema (Katibu):* Habari za jioni majirani. Ile klabu ya Lions ya hapa mjini, wale wanaojitolea kusaidia jamii, wamethibitisha, Jumamosi hii wanakuja pale shule ya msingi kupima macho, wanaanza saa mbili asubuhi na ni bure. Wanakuja na wataalamu wa macho na miwani ya kusomea, atakaeonekana ana mtoto wa jicho anaandikiwa rufaa. Naomba tujipange mapema maana wazee wetu hawana nguvu ya kusukumana foleni

*Dada Salma:* Mungu awabariki sana 🙏🙏

*Baba Shufaa:* Samahani katibu, na sina nia mbaya. Hao Lions si ndo wale wanasemaga ni frimasoni? Gari lao lina stika ya simba wawili. Mjini hapa mtu akitoa bure lazima umuulize anataka nini

*Fundi Kassim:* Hata mi nimelisikia hilo kijiweni

*Mwalimu wa Darasa la Nne:* Baba Shufaa swali lako la haki kabisa na umefanya vizuri kuliuliza hapa. Lions ilianza Chicago, Marekani, mwaka 1917, alieianzisha alikuwa mtu wa bima anaitwa Melvin Jones, wazo lake ni kwamba wafanyabiashara wasiwe wanakutana kula na kutafutiana wateja tu, waangalie na mji wao una shida gani. Habari ya macho ikaja 1925, kuna mama Helen Keller alipoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19 tu, akasimama kwenye mkutano wao mkuu kule Ohio akawaomba wawe watetezi wa vipofu, wakakubali, na toka hapo popote duniani utakapowakuta na macho utayakuta. Ile nembo simba mmoja anaangalia alikotoka mwingine anaangalia anakoenda. Halafu kwenye mikutano yao kubishana dini na siasa za vyama ni marufuku, kwahiyo utakuta Muislamu, Mkristo na Mhindu wamekaa meza moja

*Baba Shufaa:* Sawa mwalimu nimekupata. Na hela? Maana tumeona watu wanachangisha kwa jina la yatima halafu kesho wana gari jipya

*Mwalimu wa Darasa la Nne:* Utaratibu wao wanaweka mafungu mawili. Hela ya kuendesha klabu, ukumbi, karatasi, chakula cha mkutano, inatoka kwenye ada za wanachama wenyewe. Hela waliyochangiwa na watu inatakiwa irudi kwa watu, hairuhusiwi kuendeshea klabu. Na ukitaka kuwauliza wamekusanya ngapi wametumia ngapi waulize Jumamosi, watakuwepo, mi mwenyewe ntauliza

*Fundi Kassim:* Rotary nao si haohao?

*Mwalimu wa Darasa la Nne:* Hapana ni chama kingine, chenyewe kimeanza 1905, ila nacho kilianzia Chicago. Rotary ndo walishikilia kampeni ya kutokomeza polio toka 1985. Mnakumbuka 2022 wale waliopita nyumba kwa nyumba na matone, mtoto anapakwa wino kidoleni? Afrika ilishatangazwa haina polio ya asili Agosti 2020, halafu akaonekana mtoto mgonjwa Malawi, ikabidi nchi jirani zote na sisi tuchanje upya. Nyuma ya zile chanjo kuna hela za wanachama wa kawaida tu kwenye miji mingi, wanachanga kidogokidogo miaka na miaka

*Mama Abdul:* Jamani mi naomba niseme kuhusu mama yangu maana huwa nasikia watu wanasema haya ni maonyesho ya matajiri. Mama alikuwa anachambua mchele halafu tunakula mawe, tukawa tunamsema kwamba siku hizi hajali, masufuria anaosha yanabaki na masizi pembeni, mpaka mdogo wangu akawa anamnyang'anya ungo. Kumbe macho. Alikuwa haoni lile jiwe na hasemi, mtu mzima hataki kuonekana mzigo kwa watoto. Akapimwa kwenye kambi kama hii akaambiwa mtoto wa jicho yote mawili, akaandikiwa rufaa. Kule hospitali wanatoa ile lenzi iliyopata ukungu wanaweka nyingine ya bandia, alipofanyiwa alirudi nyumbani siku ileile. Baada ya wiki alitukalisha wote akaanza kutuonyesha vumbi juu ya kabati

*Dada Salma:* Maskini bibi jamani 😭 mmemtesa

*Bi Tatu:* Na mie huona mawingu jicho la kushoto, sikuwaambieni.

*Mama Neema (Katibu):* Bi Tatu shikamoo, wewe ni wa kwanza kwenye orodha

*Bi Tatu:* Marahaba mwanangu.

*Dada Salma:* Mi nilikuwa napendekeza sisi kama kundi tuchange sukari, sabuni na unga, tuwagawie wazee pale pale, na tushone tisheti za kundi tupige picha ya pamoja tuwe na kumbukumbu

*Mama Abdul:* Salma mdogo wangu moyo wako mzuri ila hapo nakupinga. Nikwambie ilipokwama kwa mama. Kambi ilikuwa siku moja. Karatasi ya rufaa ikakaa kwenye mkoba wake karibia mwaka mzima, hospitali iko Msasani, kutoka huku ni gari mbili, anaogopa kuvuka barabara na haoni, sisi wote tuko kazini, na hakuna aliemuuliza tena. Klabu walifanya kazi yao, sisi ndo tulilala. Kile kilo cha sukari angekunywa na chai siku kumi kikaisha na bado haoni. Wazee wetu wanahitaji mtu wa kumshika mkono mpaka hospitali na kumrudisha, na nauli, na mtu wa kumuwekea dawa ya matone wiki zinazofuata kwasababu mkono wake unatetemeka

*Fundi Kassim:* Point kubwa sana hii

*Baba Shufaa:* Hapo mama Abdul umeongea

*Dada Salma:* Nimeelewa dada. Basi hela ya tisheti iende kwenye nauli

*Mama Neema (Katibu):* Ndo nilikuwa nafika hapo. Nimewauliza wale wa klabu wanataka nini kutoka kwetu, wakasema hawahitaji soda wala maturubai ya rangi. Wanahitaji mabenchi na kivuli, watu watano wa kuandikisha, na nafasi ndefu ya mita 6 isiyopitwa na watu

*Fundi Kassim:* Mita 6 ya nini

*Mwalimu wa Darasa la Nne:* Mtu anasimama mita 6 kutoka kwenye chati. Sio lazima ajue kusoma, kuna chati ya herufi E zimegeuzwa huku na huku, anaonyesha kwa mkono miguu ya E inaangalia wapi. Wasaidizi wetu muwe makini hapo, mtu anafunika jicho moja kwa kiganja, sio kwa vidole maana atachungulia, na asilibonyeze. Darasa langu linatosha tukitoa madawati

*Fundi Kassim:* Nakuja Ijumaa jioni na futi yangu tupime, naweka alama ya chaki chini

*Mama Shufaa:* Mwalimu na watoto je? Wa kwangu anakopi kwa mwenzie wakati amekaa mbele kabisa, nikajua uvivu, nikamchapa

*Mwalimu wa Darasa la Nne:* Mlete mama. Ila msikimbilie kununua ile miwani ya kupitishwa barabarani, ile ni ya kusomea ya watu wazima, mtoto asieona mbali haimsaidii, inabidi apimwe kila jicho peke yake. Na wenye ndugu mwenye presha ya macho nao waje hata kama hawaumwi, ile haiumi, inakula pole pole na kilichopotea hakirudi

*Baba Shufaa:* Naomba liandikwe na hili, hakuna kupiga picha mzee akipokea miwani bila kumuuliza. Mzazi wangu sitaki aonekane kwenye simu ya mtu kama omba omba

*Mama Neema (Katibu):* Nimeshawaambia na wamekubali, picha ni kwa ridhaa tu. Mchango ni kuanzia 2,000 kwa mweka hazina, kila aliechangia namuandika hapa hapa na kila nauli itakayotoka naiweka hapa hapa, kila mtu aone

*Fundi Kassim:* 10,000 imetoka

*Mama Shufaa:* 5,000

*Dada Salma:* 15,000 ya tisheti 🙏

*Baba Shufaa:* Mi natoa bajaji yangu asubuhi yote Jumamosi, siku hiyo sichukui abiria. Na wale watakaopata rufaa niwekeni Jumatatu

*Mama Neema (Katibu):* Mungu akulipe baba Shufaa. Kila mwenye rufaa atapewa jirani mmoja wa kumfuatilia kwa jina, nikiuliza amefika wapi nataka jibu la mtu sio la kundi. Bajaji inaanza saa moja na nusu pale kona ya msikiti, majina ya wazee yanifikie kabla ya Alhamisi usiku

*Mama Abdul:* Mi nachukua Bi Tatu. Na yule babu anaepanga chumba cha uani kwetu hana mtu, muandikeni nae

*Mama Neema (Katibu):* Nimemuandika. Nani anamchukua babu?

*Dada Salma:* Mimi