Mrejesho: vidonda vya vidole vya mama, Ujiji

Wakuu, niliuliza kuhusu mama. Ngozi ya mikono imekaza, vidole vikipata baridi vinakuwa vyeupe halafu bluu, na ncha zake zina vidonda vilivyogoma kupona. Kipimo cha kidoleni kilisoma oksijeni asilimia 84, nikauliza kama tutafute mtungi wa oksijeni.

Mtungi hatukununua. Daktari bingwa aliweka kipimo kingine kwenye ndewe ya sikio: 97. Oksijeni imo kwenye damu, ila damu yenyewe haifiki vidoleni, na kipimo kikikosa mapigo ya kutosha hapo kinadanganya. Ugonjwa unaitwa skleroderma, ile inayogusa mwili mzima. Kuta za mishipa midogo zinanenepa, na baridi ikija mishipa inajibana zaidi, hivyo hata kidonda kama punje ya mchele kinakosa cha kukiponya. Mapafu nayo ameagiza yapigwe picha, maana huweza kupata makovu.

Anameza nifedipini, kutanua mishipa. Kichwa kilimgonga mwanzoni na miguu ikavimba kidogo. Kuosha dagaa alfajiri basi, upepo wa ziwa ule haufai. Glovu za sufu anavaa hadi sokoni, wanamcheka, anacheka nao. Ugoro pia ameambiwa aache. Hapo bado tunabishana.

Kidole cha shahada kimefunga. Cha kati bado kina usaha, anatumia antibiotiki.

Waliosema karogwa, haya. Anayejua bosentani, dawa nyingine ya mishipa, inapatikana wapi kwa bei ya kueleweka, aniambie.