Myeyusho wangu umekuwa mzito kama uji, mbona mwanga unasema minyororo haijashikana?

Mwana_Bika: Wadau, nimekwama. Nasoma uzamili hapa Nairobi. Nimebandika pairini, rangi inayong'aa ikimulikwa, kwenye asidi ya poliakriliki, polima inayoyeyuka majini, nione kama minyororo yake inashikana. Mnato unasema ndiyo. Lakini nikimulika kwa nanomita 344, karibu mwanga wote unatoka kati ya 375 na 400, ule wa pairini iliyo peke yake. Kule 480, penye eksima, yaani pairini mbili zilizoungana, naona kinundu tu. Niamini kipi? Natetea tasnifu baada ya wiki mbili, usingizi sina.

Mama_Umoja: Poliakriliki si ndugu ya ile ya kwenye nepi? Kitinda mimba wangu alipasua moja sebuleni, nikapiga deki kwa maji. Yale madonge yaliniangusha chali! Pole mwanangu, kula ulale.

Kemia_Rongai: Rangi ambayo haikufunga uliiondoaje?

Mwana_Bika: Nilisafisha kawaida.

Kemia_Rongai: Kawaida ipi? Mfuko wa dialisisi, ule unaopitisha rangi huru na kuzuia polima, siku ngapi?

Mwana_Bika: Nilidondosha polima kwenye etha, ambamo haiyeyuki, mara moja. Mifuko ilikuwa imeisha. Lakini rangi huru kidogo itaharibu nini? Na sura ya nne nimeshaandika kwamba minyororo haishikani, msimamizi ameisoma.

Kemia_Rongai: Inaharibu kila kitu, ndugu yangu. Pairini yenye jirani huungana naye upesi, mwanga wake wa upweke ukafifia. Ile huru haina wa kuungana naye, inang'aa kwa zaidi ya nanosekunde 100. Chembe chache zinafunika zilizofungwa zote. Safisha kwanza. Kisha changanya na polima nyingi isiyobandikwa: eksima ikipungua, minyororo tofauti ndiyo ilishikana, ikibaki vilevile, kila mnyororo umejikunja wenyewe.

Mlei_Kayole: Mwambie msimamizi leo. Mimi niliwahi kumficha mwajiri hesabu mbovu, na kuficha ndiko kulikonifukuzisha.

Kalamu_Juja: Ngojeni. Nimewaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao miaka minne, oda naijua. Siku chache, maelezo hadi yakamuliwe! Huyu hajawahi kushika bika.

Kemia_Rongai: Oda haina mifuko iliyoisha, kaka.

Mwana_Bika: Si oda, ni miaka yangu miwili. Leo nimepewa kipande cha mfuko na maabara jirani. Stima ilipopotea nikaazima taa ya kukagua noti kwa dada wa M-Pesa, nikamulika maji yaliyo nje ya mfuko. Yanang'aa buluu! Na polima haipenyi mfuko huo. Sura ya nne nimeifuta, msimamizi nimemwandikia. Nibadilishe maji mara ngapi?

Kemia_Rongai: Hadi yasing'ae. Kama rangi yako ni ya amini, yaani yenye chaji chanya, maji ya mwanzo tia chumvi, la sivyo itaing'ang'ania polima kwa chaji.

Mama_Umoja: Na umekula?