Naombeni ushauri: nimuue Lord Shimura au nimuache?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri hasa nyie mliomaliza gemu la Ghost of Tsushima. Nimefika mwisho kabisa, shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) ameshaufuta ukoo wa Sakai, yaani ukoo wa Jin, samurai ninayemchezesha, na Shimura ametumwa alete kichwa cha Jin, wamekaa wakatunga shairi pamoja kisha wakapigana, sasa mzee yuko chini anaomba afe kwa heshima kama samurai na gemu linanisubiri mimi niamue, nimeshindwa kabisa kubonyeza.

Huyu Shimura ni mjomba wa Jin lakini ndo baba aliyemlea, alitaka hadi amfanye mrithi wake. Baba mzazi, Kazumasa, aliuawa Jin akiwa mtoto amejificha anaona kila kitu, baba anamwita amsaidie na yeye hatoki. Ile sehemu iliniumiza sana aisee. Ukimuua na huyu, si anakuwa amepoteza baba wa pili, tena safari hii kwa mkono wake? Ila ukimuacha hai unamnyima kitu pekee alichoomba, na kwa mila zao hiyo ni aibu kubwa.

Pia kisiwa cha Iki sijakigusa, kile kilichoongezwa kwenye gemu 2021. Wanasema kule Kazumasa anaitwa mchinjaji, je nirudi seivu ya nyuma niende kwanza nimjue baba vizuri ndo niamue, au haibadilishi kitu?

Kwenye gemu la Sekiro nilimkataa yule baba mlezi bila kuwaza mara mbili maana alikuwa msaliti, ila Shimura anampenda Jin kwelikweli. Nyie mlichagua nini na kwa nini?