Mwalimu wa Sanaa nimeambiwa nikaimu unaibu. Nikubali?

Brashi_Kayole:
Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri, hasa kwa waliopitia. Nafundisha Sanaa na Kiswahili sekondari moja huku Eastlands, Nairobi, huu ni mwaka wa 14. Naibu wetu kahamishwa katikati ya muhula na mwalimu mkuu anataka nikaimu. Lilipotangazwa kikaoni, mwenzangu wa Fizikia akauliza kwa sauti, "Mtu wa rangi ataiweza ratiba?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini nilifika nyumbani bado naisikia.

Uongozi sikuuwazia. Kabla ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nilifunzwa na mzee mmoja mchora mabango pale Gikomba, aliyekuwa akiandika HOTELI bila rula na herufi hazipindi. Chumba changu cha sanaa nilikikuta stoo ya madawati mabovu. Tuliyatoa na wanafunzi, Jumamosi mbili. Sasa kuna kamba ya kuanikia picha, mikebe ya Kimbo ya kuoshea brashi, na dirisha la mashariki lenye mwanga mzuri hadi saa nne. Nikihamia ofisi ya kesi za nidhamu, naona kabisa yale madawati yakirudi.

MamaZamu:
Barua unayo? Usishike hata funguo kabla ya barua ya kukaimu. Mimi nilikaimu mihula mitano kwa ahadi za mdomo, kisha akaletwa mtu kutoka kaunti nyingine, na ni mimi niliyemwonyesha choo kilipo. Tafuta pia ile diploma ya usimamizi wa elimu ya KEMI, taasisi inayofunza viongozi wa shule.

Babu_Chaki:
Nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu, na somo langu lilikuwa Muziki. Ratiba haikunisumbua hata siku moja. Aliyezoea kupanga sauti nne za kwaya akiona vipindi vimegongana anavisikia kabla hajavihesabu.

Huyo wa Fizikia mwulize kama anamjua Gregory Maloba. Alikuwa mwanafunzi wa Margaret Trowell, yule mama aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake. Maloba akachonga mnara wa uhuru wa Kampala, akafundisha Makerere, kisha akaja Nairobi kuongoza idara ya usanifu ya chuo kikuu. Elimo Njau naye, Mchaga wa Marangu aliyesomea hukohuko Makerere, alichora kuta za kanisa la Murang'a na mwaka 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi. Watu wa rangi hao, na kuongoza waliongoza.

Kilichonitesa mimi ni karo. Asubuhi ya kusoma majina ya wasiolipa mbele ya paredi, mara ya kwanza nilimwachia karani, nikajiona mwoga. Jiandae na hilo.

Lakini kubali. Gredi ya 10 ya mtaala mpya ilianza mwaka 2026 na kuna mkondo mzima wa sanaa na michezo. Pesa za vifaa zinagawiwa kwenye kikao ambacho wewe kwa sasa huitwi. Nimekaa humo miaka mingi: karatasi za manila hukatwa kwanza, kwa sababu mwenyewe hayupo.

Volti240:
Mimi ni wa Fizikia, tusitukanwe sote jamani. Ila naibu wetu pia ni wa Fizikia, na ratiba yake Jumanne inaingiza walimu wawili darasa moja.

Brashi_Kayole:
Asanteni, Volti umenichekesha. Babu, hilo la karo limeninyima usingizi, lakini la manila ndilo limeniamua.

Nimeongea na mkuu leo wakati wa chai. Barua ameahidi Jumatatu. Nimeomba mambo mawili: vipindi vyangu vya Alhamisi visiguswe, na ufunguo wa chumba cha sanaa ubaki kwangu. Vipindi amekubali. Ufunguo anasema "tutaangalia".

Nimepitia kwa fundi hapa Kayole, nimechongesha mwingine. Shilingi 150.